Farasi wa Sayyid Said na Katiba ya Wamarekani

Tarehe 30 Aprili 1840 meli yenye bendera nyekundu tupu ilitia nanga katika bandari ya New York. Jina lake Sultana. Ilikuwa imeundwa Bombay mwaka 1833, na ilikuwa imetoka Unguja mwezi Februari, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kukata Atlantiki yote. Ngamani mlikuwa na tende, mazulia ya Uajemi na kahawa ya Mokha, pamoja na mali ya pwani yetu: pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi zilizotiwa chumvi. Hizo zilikuwa bidhaa za kuuza, na ziliuzwa. Lakini kulikuwa na shehena nyingine ambayo haikuwa ya sokoni. Ilikuwa ya mtu mmoja tu, Rais Martin Van Buren: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, upanga uliopambwa kwa dhahabu, shali za Kashmiri, mazulia, na mafuta ya waridi.

Aliyekabidhiwa tunu hizo ni Ahmad bin Naaman, mzaliwa wa Basra, katibu wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu nzuri na adabu za baraza, na kazi aliyopewa ilionekana nyepesi. Auze mali, anunue mali, afikishe salamu na zawadi za bwana wake kwa mkuu wa Marekani. Mambo mawili ya kwanza yalikwenda vizuri. La tatu lilizua mjadala katika serikali ya nchi nzima.

Ili tuelewe kwa nini, inafaa kwanza kutazama zawadi ilikuwa na kazi gani katika Bahari ya Hindi, maana Sayyid Said hakubuni kitu. Alifuata desturi iliyokuwa na umri wa karne nyingi bandarini.

Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya Mfalme Yongle wa Uchina. Wachina walimwona kuwa ni yule mnyama wao wa heri anayesimuliwa katika vitabu vya kale, ambaye hujitokeza pale tu nchi inapotawaliwa kwa haki, na mfalme mwenyewe alitoka hadi langoni kumpokea. Malindi ilikuwa mji mdogo ukilinganisha na dola ile. Hata hivyo mnyama mmoja mwenye shingo ndefu aliutia mji huo katika kumbukumbu za Uchina, na katika safari iliyoanza mwaka 1417 msafara wa meli za amiri Zheng He uliwarudisha mabalozi wa nchi zilizopeleka zawadi, wa Malindi wakiwamo. Desturi ya dola ya Ming ilikuwa kurudisha zaidi ya ilichopokea, kwa kuwa mkubwa asiyetoa zaidi hupunguza ukubwa wake. Wakuu wa Malindi walilifahamu hilo vizuri, na ndiyo maana twiga alisafirishwa kwa taabu yote ile.

Miaka 83 baadaye alifika mgeni ambaye hakulifahamu.

Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498, akitoka Mombasa ambako yeye na wenyeji walikuwa wameachana kwa kushukiana. Mwandishi aliyekuwa katika msafara wake ameacha orodha ya kilichotolewa pande zote mbili, na orodha hiyo ingesomeka kama kichekesho kama si matokeo yake. Sultani alipeleka kondoo. Da Gama akarudisha joho, nyuzi mbili za marijani, mabakuli matatu ya kunawia, kofia, njuga ndogondogo na vipande viwili vya kitambaa cha mistari. Sultani, bila kuonyesha dharau, akapeleka kondoo sita wengine, na juu yake karafuu, bizari, tangawizi, kungumanga na pilipili manga. Ukiwa mfanyabiashara wa pwani wakati ule ungejua mara moja nani amemzidi mwenzake.

Kilichookoa jahazi hakikuwa bidhaa. Da Gama alikuwa ameteka chombo baharini karibu na Malindi pamoja na watu wake. Sultani alipotoka kumwamkia majini, Mreno aliwafungua mateka wote akampa. Sultani akasema kwamba jambo hilo analithamini kuliko kama angezawadiwa mji. Maneno hayo hayakuwa ya adabu tu. Malindi ilikuwa na ushindani wa muda mrefu na Mombasa, na mgeni mwenye mizinga aliyekwisha kugombana na Mombasa alikuwa mtu wa kufungamana naye. Da Gama aliondoka akiwa na rubani wa kumvusha hadi India.

Huko Calicut bahati ilimwishia. Alitandaza alichokusudia kumpa mtawala wa mji: vipande 12 vya kitambaa cha mistari, kofia, marijani, mabakuli sita, sukari, mafuta, asali. Maofisa wa mtawala wakaangua kicheko. Wakamwambia kwamba hata mfanyabiashara maskini kuliko wote anayetoka Makka huleta zaidi ya hivyo, na kama anataka kumzawadia mfalme alete dhahabu. Da Gama akajitetea kwamba yeye ni balozi wala si mfanyabiashara, na kwamba vile vilikuwa vyake mwenyewe, si vya mfalme wake. Hakuna aliyemsadiki. Katika bandari ile balozi alipimwa kwa alichokileta, na bwana wake alipimwa naye.

Kwa hiyo Sayyid Said, aliyetawala kuanzia 1806 hadi alipofariki mwaka 1856, alikuwa mwanafunzi wa shule ya zamani. Na alikuwa na sababu zake. Omani ilikuwa na maadui nchi kavu na baharini, Waingereza walikuwa na meli nyingi kuliko mtu yeyote, na utajiri wake mpya, yaani karafuu za Unguja na biashara ya pembe na watumwa kutoka bara, ulitegemea bahari iliyo wazi. Tangu mwaka 1822 Waingereza walikuwa wamemfanya atie saini mkataba wa kubana biashara ya watumwa, na alijua kwamba watarudi kudai zaidi. Mtu mwenye nguvu ndogo kuliko jirani yake ana njia chache za kusimama naye sawa. Mojawapo ni kutoa kwa mkono mkubwa.

Mwaka 1836 alimpa Mfalme William wa Nne wa Uingereza meli ya kivita yenye mizinga 74. Iliitwa Liverpool, nayo pia iliundwa Bombay. Waingereza wakaibadilisha jina wakaiita Imaum, kwa heshima ya mtoaji, na mfalme akarudisha jahazi la anasa lililoitwa Prince Regent. Wanahistoria wengine huiona zawadi ile kuwa ya kupita kiasi. Mimi naiona ya mtu mwenye hesabu. Meli kubwa kama ile ilikuwa ghali kuiendesha, na ikiwa nyumbani ilimtia hasara, ilhali ikiwa London ilimtaja kila siku.

Wamarekani nao alikuwa amewaonja. Tarehe 21 Septemba 1833 mjumbe wao Edmund Roberts alitia saini naye mkataba wa biashara huko Maskati, uliowapa wafanyabiashara wa nchi hiyo ruhusa ya kuingia bandari zake kwa ushuru wa asilimia tano. Waliofaidika zaidi ni watu wa Salem, mji mdogo wa pwani ya Massachusetts, waliokuja Unguja kununua pembe na sandarusi na kuuza kitambaa cha pamba ambacho pwani yote ilikiita merikani. Mwaka 1837 balozi wao mdogo, Richard Waters, naye wa Salem, alianza kazi Unguja.

Katikati hapo kuna kisa ambacho husahauliwa, nacho kwangu ndicho ufunguo wa safari ya Sultana. Mwaka 1835 Roberts alikuwa akirudi Maskati kwa meli ya kivita Peacock, akileta mkataba uliokwisha kuidhinishwa. Meli ikapanda mwamba karibu na kisiwa cha Masira, pwani ya Omani. Mabaharia walilazimika kutupa mizinga baharini ili iwe nyepesi ielee. Sayyid Said alipopata habari aliwapelekea msaada, na baadaye watu wake waliiopoa ile mizinga, ikarudishwa kwa wenyewe. Hakutaka malipo. Kwa desturi ya pwani, mtu anayekataa malipo hajafuta deni, amelitunza.

Tuirudie New York. Meli ilikuwa imechoka kwa safari, na serikali ya Marekani ikaagiza ipelekwe katika karakana ya jeshi la majini Brooklyn. Ilitengenezwa upya kwa fedha za umma. Ahmad bin Naaman alikaribishwa na maofisa wa jeshi na wa jiji, akatembezwa, akapandishwa gari-moshi, na mchoraji Edward Mooney akachora picha yake akiwa amevaa kilemba. Nionavyo mimi, karakana ile ilikuwa inalipa mizinga ya Masira, hata kama waliotoa amri waliita ukarimu tu. Mpaka hapo pande mbili zilikuwa zinaelewana bila shida.

Shida ilikuwa farasi.

Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, inakataza mtu yeyote mwenye wadhifa katika serikali kupokea zawadi, malipo, cheo au jina la heshima kutoka kwa mfalme, mwana wa mfalme au dola ya nje bila idhini ya Bunge. Walioandika kifungu hicho walikuwa na mifano karibu. Miaka miwili kabla, Benjamin Franklin alipomaliza ubalozi wake Ufaransa, Mfalme Louis wa Kumi na Sita alimpa kijaluba chenye picha yake iliyozungushiwa almasi zaidi ya 400. Kwa wafalme wa Ulaya hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa la kumuaga balozi. Kwa watu waliotoka kumfukuza mfalme wao kwa vita lilinuka. Wakajiuliza: mtu aliyepokea almasi 400 atamtetea nani siku nchi yake na Ufaransa zitakapogombana? Jibu lao likawa kwamba afisa wa jamhuri hana mkono wa kupokelea. Mkono ni wa Bunge.

Na kabla ya Sultana kufika, sheria hiyo ilikuwa imeshawatoa jasho. Mwaka 1839 balozi mdogo wa Marekani katika mji wa Tangier alipelekewa simba dume na jike kutoka kwa Sultani wa Moroko, zawadi kwa Rais. Akaeleza kwamba hawezi kuwapokea. Wajumbe wakamweleza kwamba wao hawawezi kuwarudisha, kwani wakirudi nao watakuwa wamemtukana bwana wao. Mwishowe balozi aliwafungulia simba chumba katika nyumba yake, na hatimaye wakasafirishwa Marekani wakapigwa mnada Philadelphia.

Ahmad bin Naaman alijikuta mahali pale pale, ila bila simba. Van Buren alieleza kwa upole kwamba sheria ya msingi ya nchi inawazuia watumishi wake kupokea zawadi za wafalme wa nje. Fikiria maneno hayo yanavyosikika kwa katibu wa Sayyid Said. Rais ni mkuu wa nchi, lakini anajiita mtumishi. Zawadi imeletwa kwake, lakini si yeye wa kuipokea. Kwa mtu wa pwani, kukataa zawadi ni kukataa uhusiano, na mjumbe anayerudi na zawadi mkononi huwa amemletea bwana wake kofi la mtu mwingine. Lulu na farasi visingeweza kupanda tena Sultana. Lazima mtu angevipokea.

Bunge likatafuta njia. Kwa azimio la Julai 1840 Rais aliruhusiwa kuvipokea kwa niaba ya serikali na kuamua la kufanya: vinavyoweza kuhifadhiwa viwekwe Washington, visivyoweza viuzwe na fedha ziingie hazina. Farasi hawahifadhiki kabatini. Wakauzwa. Lulu, upanga na baadhi ya vitu vingine vikawekwa katika jengo la ofisi ya hataza, ambako umma uliweza kuvitazama. Hivyo zawadi iliyotumwa kwa mtu ikawa mali ya watu wote, na kwa kadiri ya sheria suala likaishia hapo.

Kwa kadiri ya desturi halikuisha. Hapa ndipo ninapoona uzuri wa kisa hiki. Nchi iliyosema kwamba Rais wake hawezi kupokea ilijikuta haiwezi kuacha kurudisha. Sultana ilipoondoka New York mwezi Agosti, ilikuwa imebeba zawadi za serikali ya Marekani kwa Sayyid Said, zikiwamo mashua ya fahari, silaha na vioo. Hakuna kifungu cha Katiba kilichowaamuru kufanya hivyo. Walifanya kwa sababu kupokea bila kurudisha, hata kama mpokeaji ni taifa, kungewashusha mbele ya mtawala ambaye biashara yake waliihitaji. Katiba iliweza kusema zawadi ni ya nani. Haikuweza kuondoa deni lake. Desemba ya mwaka huo meli ilifika Unguja, imejaa bidhaa za Marekani, na mjumbe alikuwa na jambo la kuonyesha.

Miaka miwili baadaye Sultana ilitumwa London ikiwa na mjumbe mwingine, Ali bin Nasir, na zawadi kwa Malkia Victoria. Malkia alirudisha, pamoja na vitu vingine, gari la kifalme la kukokotwa na farasi. Unguja ya wakati ule haikuwa na barabara ambayo gari kama hilo lingepita. Sijui kama kuna zawadi iliyoeleza vizuri zaidi jinsi mtoaji asivyomjua mpokeaji. Na kile Sayyid alichokuwa akikitafuta kwa lulu zake, yaani nafasi ya kupumua katika suala la watumwa, hakukipata. Mwaka 1845 alitia saini mkataba mwingine uliombana zaidi.

Bara nako desturi ilikuwa hiyo hiyo, ila ilifanyika kwa jasho na vumbi. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipita Ugogo, nchi yenye maji machache, na watemi wake walidai hongo ya merikani, kaniki na shanga kabla ya kuruhusu watu kunywa visimani. Burton na Speke walipita huko mwishoni mwa miaka ya 1850, Stanley mwaka 1871, na Wazungu hao waliandika juu ya hongo kama unyang'anyi. Wafanyabiashara wa pwani, waliolipa mara nyingi zaidi yao, walilalamikia kiasi, lakini njia yenyewe waliielewa: aliyetoa alipata maji, usalama wa njia, na mara nyingi mbuzi au nafaka kutoka kwa mtemi. Ukiondoa ule mbuzi wa kurudisha, hongo inakuwa ushuru. Ukiiondolea hadhara, ukamtolea mtemi gizani, inakuwa kitu kingine tena.

Kwa watu wa kawaida leo utaratibu huu uko hai kuliko tunavyokiri. Nenda katika kikao chochote cha kamati ya harusi Dar es Salaam au Mombasa. Kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, kuna orodha. Jina linaandikwa na kiasi mbele yake, ahadi kando, malipo kando. Tangu huduma za kutuma pesa kwa simu zilipoanza, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, mchango unafika na ushahidi wake papo hapo, saa na dakika. Wazee wanaonung'unika kwamba simu imeharibu utu wa kuchangiana wanasahau kwamba bibi zetu pia walijua nani alimtunza nani na kwa kanga ngapi, na walikumbuka kwa miaka 20 bila kuandika. Anayechangia harusi ya jirani anajua kwamba naye ana binti. Hakuna aibu katika hilo. Ndivyo mtaa unavyoshikana, na daftari linawalinda wote kwa kuwa liko wazi.

Kwa viongozi jambo ni zito zaidi, na hapa nchi zetu zimefuata njia ya Wamarekani wa 1787. Tanzania ina Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, inayowataka viongozi kutamka zawadi zenye thamani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 76, inasema kwamba zawadi anayopewa afisa wa dola katika hafla ya umma au ya kiserikali ni zawadi kwa Jamhuri, na ikabidhiwe kwa dola. Van Buren angeielewa bila maelezo. Ni sheria nzuri, nami siungi mkono wanaoiita ya kigeni, maana hata watawala wa pwani walipokea hadharani, mbele ya baraza zima, na kila aliyekuwapo alijua kilicholetwa na aliyekileta.

Lakini sheria hizo zinaangalia mkono unaopokea tu. Kisa cha Sultana kinaonyesha kwamba kilichopokewa kitatafuta njia ya kurudishwa, hata pale mpokeaji alipoapa kwamba hakikumhusu. Wamarekani walirudisha kwa mashua na vioo, mchana kweupe, kwa fedha zilizojulikana. Kiongozi wa leo aliyejengewa msikiti au kanisa kijijini kwao na mfanyabiashara, au aliyechangiwa kampeni, harudishi kwa vioo. Anarudisha kwa zabuni, kwa leseni, kwa kiwanja. Kwa hiyo wanaokagua madaftari ya zawadi Dodoma na Nairobi wasiishie kwenye ukurasa wa zawadi. Wafungue pia mafaili ya zabuni na vibali vilivyotolewa katika miezi iliyofuata, na wananchi tuwadai wayafungue.